Somo: Kutoa nta iliyoganda kwenye glasi za mishumaa bila kuzivunja

Kazi yangu ni mapambo ya harusi hapa Dar es Salaam. Kila Jumapili asubuhi narudi nyumbani na makreti ya glasi zilizokaa mezani usiku kucha, na kila moja ina nta imeganda chini. Kuna wiki ni glasi 40, kuna wiki zinafika 120. Wengi mmeniuliza nazisafishaje zikarudi kung'aa kama mpya, kwa hiyo leo naandika yote. Njia hizi zinafaa pia kwa mishumaa ya manukato inayouzwa ndani ya chupa nene za kioo. Ile ikiisha huacha nta kama kidole kimoja chini, na chupa nzuri kabisa inaishia jalalani. Inaniuma kila nikiona.

Kabla ya yote, shika hili: glasi hupasuka ikibadilishiwa joto ghafla. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa glasi kwenye friza, nikaona nta haitoki, nikaimiminia maji ya birika. Ikalia "ta!", kitako kikabaki kwenye karai na mimi nimeshika duara tupu. Nikadhani ile moja ilikuwa mbovu, nikajaribu ya pili, nayo ikaenda. Zilikuwa za kukodi, nikazilipa. Upande wa ndani ulipata joto ukatanuka, wa nje ukiwa bado na baridi ya friza, kioo kikashindwa kuvumilia. Tangu siku hiyo glasi ikitoka kwenye baridi naiacha mezani mpaka nikiigusa shavuni nisihisi ubaridi, ndipo naisogeza kwenye joto.

Hatua ya 1: Kagua
Pitisha kidole taratibu kwenye mdomo wa glasi, kisha iinue kwenye mwanga. Yenye ufa au iliyomeguka itenge. Haitahimili kazi hii.

Hatua ya 2: Jaribu baridi kwanza
Kama nta ni kidogo, chini ya sentimita 2, na glasi ina mdomo mpana, iweke kwenye friza saa tatu hadi nne, au ilale humo. Nta ikipoa hunywea kuliko kioo, kwa hiyo hujivuta na kuachia kuta. Angalia pembeni: utaona weupe kama ukungu unatambaa kati ya nta na kioo. Weupe ukishazunguka pande zote, pindua glasi juu ya kiganja na uigonge kitako kwa mkono mwingine. Hutoka kipande kizima, mviringo kama sarafu kubwa, na utambi wake katikati.

Isipotoka, usichokonoe kwa kisu. Kisu huchora kioo, na kikiteleza hukata mkono. Nenda hatua ya 3, ila iache glasi ipoteze ubaridi kwanza.

Hatua ya 3: Maji ya moto kwa nje
Hii ndiyo njia ninayoitegemea, hasa kwa chupa nene na zenye shingo nyembamba.

Tandika kitambaa kuukuu chini ya sufuria pana, kipande cha taulo au kanga iliyochakaa. Bila kitambaa, kitako cha glasi hukaa moja kwa moja kwenye bati lenye moto, na hapo ndipo nyingi hupasukia. Panga glasi zisigusane. Mimina maji ya kawaida, si ya moto, yafike juu kidogo ya usawa wa nta lakini yasiingie ndani. Washa jiko, moto mdogo. Glasi na maji vipate joto pamoja.

Maji hayahitaji kuchemka. Nta ya parafini, ambayo ndiyo ya mishumaa mingi ya dukani, huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 za Selsiasi kutegemea aina yake. Ya soya kawaida huwahi. Ya nyuki huchelewa, nyuzi 62 hadi 64. Kwa hiyo maji yakianza kutoa mvuke na vipovu vidogo vikishika kuta za sufuria, punguza moto hapohapo. Yakitokota, glasi hugongana na maji hurukia ndani.

Baada ya dakika 10 hadi 15 kingo za nta zitaanza kung'aa na kulainika. Usingoje iyeyuke yote. Shika utambi kwa koleo ndogo uvute. Mara nyingi kile kibati chake hutoka na kipande kizima cha nta. Kama kibati kimegandishwa kwa gundi, subiri kidogo, joto litailegeza. Kisha shika glasi kwa kitambaa kikavu na umimine nta kwenye kopo tupu la maziwa.

Glasi ukiitoa iweke juu ya kitambaa au ubao. Usiiweke kwenye sinki la bati wala sakafu ya marumaru, maana ubaridi wake unatosha kuipasua.

Hatua ya 4: Futa ingali na joto
Hapa wengi huchelewa. Utando mwembamba unaobaki hufutika kwa gazeti mara moja kama glasi ni ya moto. Ikipoa utasugua mpaka uchoke. Mimi huweka rundo la magazeti yaliyokatwa pembeni kabla hata sijawasha jiko.

Hatua ya 5: Osha
Maji ya moto kiasi, sabuni ya maji na sponji laini. Masizi kwenye mdomo wa glasi hutoka kwa sabuni kidogo ya unga kwenye kitambaa kibichi. Wanaopenda majivu wayachekeche kwa kitambaa kwanza, kwa sababu punje moja ya mchanga inatosha kuacha mchoro. Gundi ya lebo ipake mafuta ya kupikia, iache nusu saa, kisha osha. Kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Nta isiende kwenye sinki hata ikiwa ya maji kabisa. Itaganda mbele kwenye bomba. Hata maji ya kuoshea glasi yaache yapoe kwanza: nta ni nyepesi kuliko maji, itaelea na kuganda juu, uiokote kwa kijiko.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, mimi niko Njombe. Asubuhi kwetu baridi kali, na nasikia huku maji yanachemka mapema. Njia ya sufuria itafanya kazi?
Itafanya kazi vizuri, mpendwa. Kwa mwinuko wenu wa karibu mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na nta inahitaji chini ya 70. Cha kuangalia ni glasi zenyewe. Zikilala stoo asubuhi huwa za baridi sana, kwa hiyo zikae jikoni kwanza. Na futa moja moja. Ukizitoa zote kwa pamoja, ya mwisho itakuwa imeshaganda.

Shikamoo mama. Naweza kutumia maikrowevu ili niokoe muda?
Marahaba mwanangu. Hapana. Chini ya utambi kuna kile kibati, na bati ndani ya maikrowevu hutoa cheche. Tena joto lake halienei sawasawa, glasi inaweza kupasuka humo ndani.

Vipi mafuta ya taa au petroli? Fundi mmoja kaniambia vinayeyusha nta yote.
Ni kweli vinalainisha nta, lakini petroli usiisogeze kabisa jikoni. Mvuke wake hudaka moto ukiwa mbali na jiko. Mafuta ya taa huacha harufu isiyokwisha upesi, na mgeni atainusa mezani. Utando ukikataa, tone la mafuta ya kupikia linatosha, halafu sabuni.

Nimeweka kopo la nta moja kwa moja kwenye jiko la mkaa ili niichuje, likaanza kufuka moshi. Nilipaswa kufanyaje?
Pole sana, na nashukuru hukuungua. Nta ikifuka moshi imeshapitiliza: iondoe kwenye joto. Ikishika moto, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Usimwage maji kamwe. Maji huzama chini ya nta ya moto, yanageuka mvuke papo hapo na kurusha nta inayowaka kila upande. Nta iyeyushwe siku zote kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, na mtu asiondoke.

Zile chupa za mishumaa ya manukato naweza kutilia achari ya mbilimbi?
Mimi siweki chakula humo. Chupa hizo hazikutengenezwa kwa chakula, nyingine zimepakwa rangi, na hujui utambi ulikuwa na nini. Marekani ilipiga marufuku tambi zenye kiini cha risasi mwaka 2003, lakini mishumaa hutoka kila mahali. Achari ina chumvi na uchachu, na hukaa humo wiki nyingi. Itafutie chupa ya jamu. Hizi weka vifungo, pini, maua, au mimina mshumaa mwingine.

Nta imedondokea kitambaa cha meza cha satini.
Iache igande, ibandue kwa kucha. Kisha weka karatasi ya kaki chini na juu, pitisha pasi ya joto la chini kabisa, ukibadilisha karatasi kila inapolowa nta. Mshumaa wa rangi unaweza kuacha alama. Jaribu spiriti kwenye pindo kwanza.

Kuna namna ya kuzuia nta isishike glasi tangu mwanzo?
Ipo, kwa vile vimishumaa vinavyosimama ndani ya glasi. Tia chini mchanga mweupe uliooshwa na kukaushwa, sentimita 2 hivi, usimamishe mshumaa humo. Nta inayomwagika hushikana na mchanga. Asubuhi unatoa bonge, unachekecha mchanga, glasi inataka maji na sabuni tu. Nilianza hivyo kwa meza za maharusi, sasa naweka mchanga kwenye meza zote.