Jinsi ya kuwatoa watu wetu nje hii winta: kutembea, baiskeli na theluji hapa Minneapolis

Kila Novemba ni yale yale. Waafrika wenzetu waliojaa paki Julai wakichoma nyama wanapotea wote, mnakuja kukutana Mei kwenye graduesheni ya mtoto wa mtu na kila mmoja ameota kitambi. Ukiuliza unaambiwa sisi ni watu wa jua, hii baridi ni ya wenyewe. Mi sikubali. Watu hawatoki kwa sababu hawana nguo za maana, hawana wa kutoka naye, wanaogopa kuteleza na shifti zao ni za ajabu ajabu, na hayo yote yanatatulika. Kwa hiyo kama unataka kuanzisha kikundi cha kutoka nje mtaani kwenu ama kanisani ama msikitini, anza na hayo manne, mahubiri ya afya wachana nayo kabisa, sijaona mtu ameachana na kochi kwa sababu ya fowadi ya WhatsApp.

Nguo ndiyo kazi kubwa. Januari hapa usiku wastani ni kama -13 za Selsiasi, mchana kama -5, na hiyo -5 ukivaa vizuri unatembea saa nzima na unafungua zipu njiani. Shida ni watu wanavaa jaketi moja nono juu ya tisheti ya pamba na jinzi. Pamba ikishika jasho haikauki, inakugandia mwilini na hapo ndipo unatetemeka. Waambie wavae tabaka tatu: ya ndani ya kubana ya mikono mirefu, ya sufu ama ya zile nguo za michezo, katikati sweta ama flizi, juu kabisa jaketi la kuzuia upepo. Suruali vivyo hivyo, ya kubana ndani. Buti ziwe kubwa kidogo ili soksi nene iingie na vidole vicheze, buti ikibana damu haifiki miguuni na utaumia hata kama ni ya bei kali. Glavu za kukusanya vidole vinne pamoja zina joto kuliko zile za kila kidole na chake. Na marvin, ile kofia ya baridi, ila kina dada wenye nywele zilizosukwa wanahitaji kubwa yenye satini ndani, hili ukilisema mapema kwenye grupu utashangaa wangapi watakuja, maana wengine walikuwa wanakaa ndani kwa ajili ya nywele tu. Dada zetu wanaovaa buibui ama sketi ndefu, wavae suruali ya theluji ndani, na upindo wapandishe juu ya buti usilowe.

Pesa je? Kununua vyote vipya kwa familia ya watu sita ni balaa. Sisi watu wa mitumba tunajua hii kazi. Maduka ya mitumba hapa yanajaa vitu vya winta kuanzia Machi, wenyeji wakisafisha gereji, hapo ndo mnunue ya mwaka ujao, buti za watoto zinakuwa zimevaliwa msimu mmoja tu. Halafu fanyeni sanduku la pamoja: mtoto akikua buti inarudi, inachukuliwa na mwingine. Tunachanga harambee za harusi na matanga, ya buti haitatushinda.

Ya pili ni kampani na ratiba. Wengi wetu tuko kwenye nyumba za wazee na hospitali, mtu anatoka shifti ya usiku asubuhi, mwingine anaingia saa tisa mchana. Ukisema "Jumamosi saa nne kila mtu" umekosa nusu. Weka siku mbili: moja katikati ya wiki mchana na moja Jumapili baada ya ibada wakati watu wameshatoka nyumbani na wameshavaa, maana ukimwacha mtu arudi nyumbani avue viatu umempoteza. Usipange jioni kwenye Desemba, jua linazama saa kumi na nusu na linachomoza karibu saa mbili asubuhi. Na kuwe na mtu mmoja ambaye lazima atakuwepo, mvua theluji, hata kama amekuja mtu mmoja tu watembee wawili. Kikundi kikiahirishwa mara mbili kimekufa.

Na chai, jamani. Flaski ya chai ya tangawizi na mandazi kwenye buti ya gari. Watu watakwambia wamekuja kwa mazoezi, wewe nyamaza tu uwamiminie.

Anza na kutembea, usianze na ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Winta ya 2023 kuingia 2024 theluji ilikuwa haba sana hapa, vikundi vilivyotegemea ski na sledi vilikwama, waliokuwa wanatembea waliendelea kama kawaida. Mahali pazuri pa kuanzia ni kuzunguka maziwa, Bde Maka Ska mzunguko wake ni kama kilomita 5, Harriet kidogo chini ya hapo, na njia zake zinasafishwa, wanaotembea wana yao na baiskeli zina yake. Wageni wapeleke Minnehaha Falls wakaone maporomoko yameganda, wapige picha watume nyumbani, hiyo picha inavuta watu kuliko tangazo lolote utakalotengeneza. Wakae upande wa uzio tu, wale vijana wanaoingia nyuma ya barafu wasiwaige.

Kuteleza ndiyo hofu ya mama zetu na wana haki. Kuna vyuma fulani vyenye mpira unavivalisha chini ya kiatu, vinashika barafu, vinauzwa hata kwa duka la vifaa vya nyumba, nunueni pea kadhaa za kikundi. Wafundishe kutembea hatua fupi, miguu imefunguka kidogo, mikono nje ya mifuko. Na kama barafu iko kwa njia ya watu mbele ya nyumba ama jengo, hiyo si bahati mbaya, ni sheria imevunjwa. Minneapolis mwenye nyumba ana saa 24 baada ya theluji kuisha kusafisha, majengo ya apatimenti na biashara yanapewa muda wa masaa manne tu ya mchana. Piga 311, namba ya huduma za jiji, sema anwani, omba mkalimani wa Kiswahili kama Kiingereza kinakusumbua. Wengi wetu tunafikiri kulalamika kwa serikali ni kujitafutia matatizo, hapana, ile simu ndiyo inafanya inspekta aje. Mkishakuwa kikundi nendeni hata kwa kamati za jiji za watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, zipo na mikutano yake ni wazi kwa yeyote, mkaseme stendi gani ya basi inazibwa na rundo la theluji mpaka mama mwenye kigari cha mtoto anasimama barabarani.

Sasa baiskeli. Najua mnacheka, ila huu mji ni kati ya miji ya Marekani inayojulikana kwa baiskeli za winta, hata ule mkutano wa kimataifa wa baiskeli za winta ulioanza Oulu, Finland 2013 ulifika hapa 2016. Barabara ya kufundishia ni Midtown Greenway, njia ya zamani ya reli, karibu kilomita 9, sehemu kubwa iko chini kwenye handaki la wazi juu kwa hiyo upepo unapita juu yako na magari hayaingii, na inasafishwa mapema theluji ikianguka. Usitumie baiskeli yako nzuri. Chumvi ya barabarani inakula cheni vibaya mno, tafuta kuukuu ya gia chache, weka madigadi, futa cheni na upake mafuta kila ukirudi. Tairi zenye misumari midogo ni za barafu, ukishindwa bei weka moja tu mbele, maana gurudumu la mbele likiteleza unaanguka, la nyuma likiteleza mara nyingi unaliokoa. Punguza upepo kwa tairi kidogo. Kona usifunge breki ya mbele. Taa nyeupe mbele na kiakisi chekundu nyuma ni sheria usiku, mimi naongeza taa nyekundu pia. Ukichoka ama hali ikibadilika, mabasi ya Metro Transit yana keria ya baiskeli mbele, hulipi zaidi, fundishaneni kuitumia kabla ya siku ya shida.

Watoto hawahitaji kubembelezwa, wape kilima na sledi. Powderhorn kipo kusini mwa jiji na ni bure, walioko Brooklyn Park na kaskazini huko waende Elm Creek kule Maple Grove, wanatengeneza theluji kwa mashine kwa hiyo hata mwaka mbaya kuna kitu. Kuteleza kwenye barafu, viwanja vya paki za jiji vingi vina chumba cha joto na baadhi vinaazimisha viatu, piga simu kwanza uulize saizi.

Ski ije mwisho, na kwa mwalimu. Theodore Wirth Park pale The Trailhead wanakodisha na wanafundisha, ni njia zile zile zilizoleta World Cup Februari 2024. Mtu akisema Mwafrika na ski wapi na wapi, mwambie kuhusu Philip Boit, Mkenya, olimpiki ya Nagano 1998, alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10 na bingwa mwenyewe Bjørn Dæhlie akamsubiri kwa mstari wa mwisho amkumbatie, Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Na hakuishia hapo, alirudi olimpiki mbili zaidi.

Mambo ya usalama, msiyafanyie utani. Angalia baridi ya upepo, ikifika kama -28 za Selsiasi ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30, siku hiyo mkutane ndani ya moli mtembee huko. Kidole kikifa ganzi na kubadilika rangi ingia ndani, usikisugue na usikiweke karibu na moto, maji ya vuguvugu. Kwa ngozi zetu weupe ule wa kuganda hauonekani haraka, tegemea ganzi zaidi kuliko rangi. Barafu ya ziwa, ushauri wa serikali ya jimbo ni inchi 4 ya barafu safi ngumu ndiyo mtu apite kwa miguu, na hata hapo karibu na vijito na madaraja ni nyembamba, watoto wasitangulie. Halafu kuna hii ya vitamini D, watu wanauza sana kwamba ukitembea Januari utaipata. Hapana, jua la hapa miezi hiyo liko chini mno, ngozi haitengenezi kitu, muulize daktari akupime. Mwanga unasaidia usingizi na roho kuchangamka, hiyo inatosha kukutoa.

Mwisho, msikiache kikundi kwa mtu mmoja, hapa watu wanahama Texas bila kuaga. Wawe wawili wenye orodha ya namba na ufunguo wa lile sanduku la buti, na mwezi wa tisa mwanze kuuliza nani ana saizi gani.