Wakili Akinyamaza Marekani, Usisubiri

Kwetu wakili akinyamaza hatushtuki. Kesi imeahirishwa, jalada halionekani, hakimu yuko likizo, mambo tunayoyajua. Ukichoka kusubiri unadamka kwenda kukaa kwenye benchi la ofisi yake mpaka atokee, au unamtafuta mtu anayefahamiana naye. Nilikuja Marekani na subira hiyohiyo. Imenigharimu kazi yangu, mwaka mzima wa maisha yangu na dola 3,500 nilizomlipa wakili.

Mume wangu ni raia, kwa hiyo tuliomba grinikadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, kupitia ndoa. Wakili wetu hakuwa kishoka. Alikuwa na leseni, ofisi na vyeti ukutani. Nikasaini fomu, nikalipa, nikaambiwa, "Tutakupigia." Miezi ikapita. Katikati tukahama nyumba, nikampigia sekretari wake nikampa anwani mpya, nikaamini imefika Uhamiaji. Haikufika. USCIS, yaani hao Uhamiaji, wakatuma barua ya kudai ushahidi zaidi, moja kwenye anwani yetu ya zamani, nakala kwa wakili. Muda wa kujibu barua ya namna hiyo hauzidi wiki 12, na hauongezwi hata ulie vipi. Yangu ilipotelea kwenye nyumba tuliyohama. Yake aliipokea, akaiweka. Habari za kukataliwa nilizipata kwa sekretari, kwa simu, zaidi ya mwezi mmoja baada ya uamuzi kutoka, na siku 30 za kuomba uamuzi ufikiriwe upya zilikuwa zimeshakwisha. Kibali changu cha kazi kilitegemea ombi hilo. Mwajiri aliniaga wiki hiyohiyo.

Basi sikiliza, ndugu yangu. Ukimya wa wakili hapa haumaanishi kwamba kesi inatembea. Siku uliyopewa inaendelea kuhesabiwa, na ikipita, mlango umefungwa. Hakuna karani wa kumbembeleza wala mtu wa kumtafuta.

Kabla hujatoka ofisini kwa wakili siku ya kwanza, mwambie kwamba USCIS wakishapokea ombi lako unataka namba ya risiti, na nakala ya kila karatasi itakayotumwa kwa jina lako. Namba hiyo ina herufi 3 na tarakimu 10, na kwayo unaangalia mwenyewe kwenye tovuti ya USCIS ombi limefika wapi. Mimi sikuwa nayo. Niliona aibu kuiomba, kana kwamba ningekuwa namwambia simwamini. Iombe. Akikwambia iko kwenye faili, mwambie asante, naomba niiandike. Walio mahakama ya uhamiaji, ile inayoamua nani aondoshwe nchini, wana namba ya A, yaani namba ya usajili wa mgeni, na mahakama ina laini ya simu ya bure inayokutajia tarehe yako ya kusikilizwa. Piga kila wiki, hata kama wakili amekuhakikishia.

Na ukihama, toa taarifa mwenyewe. Sheria inakupa siku 10 kuwaarifu Uhamiaji, na kama una kesi mahakamani, siku 5 za kazi kuiarifu mahakama kwa fomu yake. Kumwambia wakili hakuhesabiki. Kumwambia sekretari ndiyo kabisa.

Ndugu zetu wa nyumbani nao wanachangia, ingawa wanatupenda. Nilipoanza kuwa na wasiwasi nilimpigia mjomba. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, mwache wakili msomi afanye kazi yake, usimchoshe." Shikamoo mjomba, ushauri wako ungefaa Dodoma. Na wewe shangazi unayesema yupo mtu wetu kanisani anayejaza fomu kwa bei ya kindugu, na ana mhuri wa notari: kwetu notari ni wakili. Hapa notari ni mtu yeyote aliyesajiliwa na jimbo kushuhudia saini. Hana ruhusa ya kukushauri uombe nini. Familia zisizostahili zimeombewa hifadhi ya ukimbizi, zikajikuta mbele ya jaji wa uhamiaji, kwa sababu ya mhuri huo. Tafadhali msitutumie namba za watu hao.

Wamarekani wenyewe hawana woga huu. Wanamwita wakili kwa jina lake la kwanza na kumwuliza pesa zangu zimefanya kazi gani mwezi huu, na wakili anajibu bila kukasirika. Mwanzoni niliuona utovu wa adabu. Siku hizi naona ni jambo jema walilonalo. Lisilo jema ni hili: nchi yenye mawakili zaidi ya milioni moja, ambayo Mahakama yake ya Juu iliamua mwaka 1963 kwamba maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai lazima apewe wakili, inamwacha mtoto asimame peke yake mbele ya jaji wa uhamiaji kwa kuwa kesi hiyo si ya jinai. Sitaacha kulisema.

Msaada wa bei nafuu upo, ila haukufuati nyumbani. Kuna mashirika yasiyo ya kibiashara yenye wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria. Si mawakili, lakini wana ruhusa ya kisheria kushughulikia uhamiaji, na ada zao ni ndogo. Ofisi nyingi za Catholic Charities, mashirika ya misaada ya Kanisa Katoliki, hufanya kazi hii, na hawakuulizi dini. Mahakama za uhamiaji zina orodha ya watoa msaada wa bure kwa kila jimbo. Vyuo vikuu vyenye kitivo cha sheria mara nyingi vina kliniki ambako wanafunzi hushughulikia kesi chini ya profesa. Kwa mambo ya nyumba, ndoa au madeni, tafuta ofisi ya msaada wa kisheria inayofadhiliwa na Legal Services Corporation, shirika linalogawa fedha za serikali kwa msaada wa kisheria, lililoundwa mwaka 1974. Kwa kawaida wanapokea wenye kipato kisichozidi asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, na wana masharti kuhusu hati zako za ukaazi, kwa hiyo uliza kwanza. Unaweza pia kumlipa wakili kwa sehemu tu ya kazi, kama kukagua fomu uliyojaza mwenyewe. Yeyote utakayempata, tafuta jina lake kwenye tovuti ya mamlaka ya mawakili ya jimbo uone kama leseni iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Dakika tano.

Ukishaona mambo yanaharibika, acha simu. Simu haiachi alama. Andika barua pepe fupi yenye tarehe: naomba kujua ombi langu limefikia wapi, nijibu kabla ya siku fulani. Una haki ya kumwachisha wakili wakati wowote, ingawa kesi ikiwa mahakamani jaji ndiye anayemruhusu kujitoa. Lazima akupe faili lako, na arudishe pesa ambayo hajaifanyia kazi. Mkiteta juu ya ada, mamlaka au chama cha mawakili katika majimbo mengi kina usuluhishi wake. Malalamiko ya nidhamu kwa mamlaka ya jimbo ni bure, na huhitaji kuwa raia. Lakini hayo ya nidhamu yanamwadhibu yeye, usiyategemee yakurudishie fedha. Mfuko wa kulinda wateja, nao, hulipa walioibiwa na wakili. Kwa uzembe hautoi kitu. Uzembe unadaiwa kwa kumshtaki, na kesi hiyo nayo ina ukomo wa muda wake.

Faili langu nililidai kwa barua pepe tatu. Lilifika kwa posta kwenye boksi, karatasi zimechanganyika. Niliipata humo ile barua ya kudai ushahidi, imebanwa nyuma ya nakala ya cheti chetu cha ndoa. Ilikuwa na mhuri wa ofisi yake wa tarehe ya kupokelewa, siku 79 kabla ya mwisho wa kujibu. Nakala yake niliiambatisha kwenye malalamiko. Grinikadi tuliomba upya kupitia shirika lenye mwakilishi aliyeidhinishwa, na ada ya serikali kwa fomu ya grinikadi peke yake ilikuwa dola 1,440. Safari hii namba ya risiti ilipofika niliiandika mwenyewe.