Kabla ya kununua dagaa Kibirizi, angalia mwezi

Mnaopita Kigoma na kutaka kurudi nyumbani na dagaa, msikimbilie mwaloni Kibirizi, mitumbwi inakoshushia samaki, siku za mbalamwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti sawasawa, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika. Mzigo unakuwa haba, bei inapanda. Subirini giza lirudi, kisha mwende asubuhi na mapema.

Ulizeni pia wameanikwa wapi. Wa kichanjani ni wasafi. Wa mchangani ni wa bei nafuu, ila mchanga utausikia kwenye meno hata uwaoshe mara tano (mimi nilijifanya mjanja wa bei, wageni wangu wakala kimya kimya). Chota kiganja kimoja, kung'uta juu ya karatasi nyeupe, utajionea.

Na jamani, mwalo ni wa wote, lakini dagaa walioanikwa wana mwenyewe. Usikatize katikati yao ukitafuta picha ya ziwa. Zunguka, mpe mama shikamoo yake, halafu ndiyo uulize bei; hata nyongeza utapata.

Mchana kaa kwa mama ntilie, agiza samaki aina ya mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo. Benchi ni moja na watu ni wengi. Ukimaliza, nawa, unyanyuke. Simu utachezea mbele ya safari, kuna mtu amesimama nyuma yako na sahani ya moto mkononi.