Kuchambua karafuu, kuchambua shairi: likizo ya Pemba kwa mtoto anayeingia darasa la AP la fasihi

Ikifika Mei, sisi Wazanzibari tunaolea watoto Marekani huanza kupigiana simu za tiketi. Mwaka huu wazazi wawili wameniuliza jambo lilelile: mtoto anaingia darasa la AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo kikuu yanayosomwa sekondari Marekani, yenye mtihani wake mwishoni) la fasihi ya Kiingereza skuli zikifunguliwa, je, tumpeleke kwao au abaki huku na mwalimu wa kulipwa? Mpelekeni. Nimeshawapitisha wangu wawili, na kwa wa kwanza nilikosea.

Nilimbebesha riwaya kumi. Alimaliza mbili, zilizobaki akasoma muhtasari wake kwenye simu. Akarudi anavijua visa kumi, lakini hawezi kusema neno juu ya sentensi moja. Na mtihani unataka sentensi. Hufanywa Mei, kwa saa tatu. Saa ya kwanza ni maswali 55 ya kuchagua jibu, asilimia 45 ya alama. Saa mbili zinazofuata ni insha tatu, asilimia 55: moja ya shairi, moja ya kipande cha hadithi, na moja ya kitabu anachokichagua mwanafunzi mwenyewe. Kila insha ina alama 6, na 4 kati ya hizo ni za ushahidi na maelezo yake: mwandishi katumia neno gani, na neno hilo linafanya kazi gani pale lilipo. Anayesimulia kisa tu hafiki mbali.

Kwa hiyo wa pili nilimpa vitabu vitatu, kila kimoja akisome mara mbili, kalamu mkononi. Kama mwalimu ametoa kazi ya likizo, muulizeni kabla skuli haijafungwa na vitabu vyake mvinunue huku huku. Msitegemee kuvikuta Wete. College Board, taasisi inayotunga mtihani huo, huweka wazi kwenye tovuti yake maswali ya insha ya miaka iliyopita. Chapisheni machache kwenye karatasi, umeme na intaneti visije vikawa udhuru.

Kimoja kati ya vile vitatu kiwe Paradise cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kilitoka 1994, na tangu 2022 kipo kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na mbili, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake, naye anaendelea kumwita ami mpaka Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz, anamkanya: huyu si ami yako. Mtoto aliyekulia Ohio anaweza kulipita neno hilo bila kusimama. Aliyekaa wiki tatu Pemba, akaonywa nani amwite ami na nani amwite mjomba, atasimama. Hapo tayari ana insha ya tatu.

Kiangazi cha huku ni kipupwe cha kwetu: upepo wa kusi, na barza yenye kivuli asubuhi nzima. Kusoma kwa muda wa saa moja na nusu baada ya chai kunatosha. Baadaye mwacheni aende pwani na binamu zake.

Jioni ndiyo iliyomfunza wangu kuliko kitabu chochote. Tulikuta mavuno yameanza, na karafuu zikishaletwa kutoka shamba nyumba nzima hukaa jamvini kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Kitenzi ni kilekile tunachokitumia kwa mashairi, naye alikielewa vidole vikiwa vinanukia. Bibi yake alikuwa amejifunga kanga yenye jina "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Nikamuuliza mtoto: nani anasema? Anamwambia nani? Kwa nini hakutaja mtu? Anacheka au ana uchungu? Bibi akakataa kumjibu, akatabasamu tu, na mtoto akaandika aya nzima ya Kiingereza kuhusu tabasamu lile. Maswali yale manne ndiyo anayoulizwa juu ya shairi la Kiingereza.

Babu kama anajua mashairi, akae naye wahesabu mizani: nane na nane katika kila mshororo, mishororo minne kila ubeti. Kisha mpe soneti moja ya Kiingereza, mishororo 14, atafute mawazo yanapogeuka. Msimlazimishe kuona kwamba mambo haya ni mamoja, maana si mamoja. Anachojifunza ni kwamba umbo la shairi limechaguliwa na mtu, na kila uchaguzi una sababu yake.

Wiki mbili za mwisho aandike: insha moja kila siku ya tatu, dakika 40 kwa saa ya simu. Tangu 2025 mtihani hufanywa kwenye kompyuta, basi mkiwa na kompyuta ya mkononi apige chapa. Akimaliza amsomee binamu yake aliyemaliza Fomu Four. Wangu alikuwa na binamu mwenye swali moja tu, "Umejuaje?", na kila alipoulizwa ilimbidi arudi kwenye ukurasa, atie kidole juu ya neno lenyewe.