Mambo yakikaza Nairobi: venye unachagua kitabu cha kukutia moyo na venye unakisoma

Kama uko kwa ile hali kazi imeisha, landilodi anapiga simu na jina lake likitokea tu kwa skrini tumbo linakaza, lazima kuna mtu atakuambia "tafuta kitabu usome, kitakutia moyo." Sawa, lakini kitabu gani sasa? Juu ukipita Tom Mboya ama Moi Avenue jioni, pale vitabu vimetandikwa chini kwa nailoni, zile tunaita inama bukshop, nusu ya kava zinakuahidi utajiri, nusu ingine amani ya roho, na zote zinang'aa. Mimi naongea kuhusu vitabu vya maisha ya kweli, mtu alipitia kitu na akaandika, sio riwaya, na venye mimi huamua kipi ni cha kubeba na kipi ni cha kurudisha chini.

Fungua katikati. Usianze na ukurasa wa kwanza, huo kila mtu hujikakamua. Soma kurasa mbili hapo hapo ukiwa umeinama na uangalie kama mwandishi anakuambia siku yake ya kawaida ilipitaje: alikula nini, alilala wapi, nani alimpa nini, mikono yake ilikuwa inashika kazi gani. Ukipata hizo vitu, beba. Ukipata kurasa mbili nzima za "amini, inuka, wewe ni mshindi" na hakuna jina la mtaa, hakuna jina la mtu, hakuna hata sufuria, rudisha polepole na uendelee na safari yako.

Mfano uko hapa hapa karibu. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa Desemba 1977 akapelekwa jela ya Kamiti bila kushtakiwa, na kwa Detained, kitabu chake cha hiyo jela kilichotoka 1981, hakuambii tu ati alikuwa na imani, anakuambia kuhusu toilet pepa. Ilikuwa ngumu, ya kukwaruza, kama imetengenezwa kukomesha wafungwa, lakini kwa kalamu ilikuwa poa sana, na hapo ndipo aliandika riwaya nzima ya Kigĩkũyũ, karatasi moja moja, akificha. Kuna siku askari walipekua seli wakaibeba yote. Fikiria hiyo kazi yote imeenda. Baadaye ikarudishwa akaendelea. Sasa mtu akisoma hiyo akiwa ametuma barua za kazi mpaka amechoka, anapata kitu cha kushika, sio mahubiri. (Kamiti hiyo hiyo ndiyo mshairi Abdilatif Abdalla alikuwa akiandika mashairi ya Sauti ya Dhiki miaka michache mbele yake, na yeye pia kwa toilet pepa. Ni mashairi kwa hivyo leo tunayaacha, lakini ukiyakuta usiyapite.)

Kitu cha pili naangalia ni kama kitabu kinakupa tarehe. Kikisema siku thelathini utakuwa mtu mwingine, mimi nakaa mbali nacho, na sababu imo ndani ya kitabu cha Viktor Frankl, Man's Search for Meaning, daktari wa akili kutoka Vienna aliyepitia kambi za Wanazi ikiwemo Auschwitz. Anaeleza kwamba kati ya Krismasi ya 1944 na Mwaka Mpya wa 1945 wafungwa walikufa wengi kambini kuliko kawaida, na daktari mkuu wa pale aliona si chakula wala baridi wala ugonjwa mpya, ni kwamba wengi walikuwa wamejiambia kufika Krismasi watakuwa nyumbani. Krismasi ikafika, ikapita. Ukishaisoma hiyo utaanza kuziskia tofauti zile stori za "mwaka huu hauishi kabla hujapata." Ngũgĩ pia hakuwa na tarehe, kifungo chake hakikuwa na mwisho ulioandikwa popote, alitoka Desemba 1978 miezi michache baada ya Kenyatta kufariki, na huo mwezi hakuna mtu alikuwa amemwambia.

Frankl mwenyewe ni wa kusomwa hivi: maliza ile nusu ya kwanza ya kambini, funga, kaa nayo. Nusu ya pili anaeleza tiba yake na kama akili imechoka itakulaza usingizi, itakungoja. Usiruke pale anapofika Auschwitz akiwa na muswada wa kitabu chake umefichwa ndani ya koti, wanachukua koti, anapewa la mtu aliyekwisha kuuawa, na mfukoni anakuta ukurasa mmoja wa kitabu cha sala. Baadaye, akiugua homa mbaya kwenye kambi nyingine, anaanza kuandika upya ule muswada kwa vipande vya karatasi. Ukiangalia vizuri ni ile ile ya Kamiti, mtu hajui kesho lakini ana kakazi kadogo ka leo.

Sasa linganisha kitabu na shida yako, hapa ndio watu hawaangalii. Shida ya kungoja sio shida ya kufiwa, na ya pesa sio ya aibu. Ukiwa umeachwa ama umefutwa na mtaa mzima unajua, tafuta Unbowed ya Wangari Maathai, ilitoka 2006. Wengi wanamjua na miti na ile Nobel ya 2004, lakini mimi nataka usome pale kati: ndoa imevunjika na magazeti yameandika, 1982 anaacha kazi Chuo Kikuu cha Nairobi agombee ubunge, wanamfungia nje ya kura kwa mambo ya usajili, anarudi kuomba kazi hawampi, na nyumba ya chuo anatolewa. Anahamia kanyumba kadogo alikokuwa amenunua South C. South C! Sio mbali huko, unaweza kupanda matatu uende uangalie mtaa wenyewe. Na 1989 anapoanza kuandika barua kupinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, shirika lake linafukuzwa ofisini na kazi inahamia hiyo nyumba. Jumba halikujengwa. Ukikaa kwa nyasi za Uhuru Park na hicho kitabu mkononi utaelewa kwa nini nasema kisomewe hapo.

Kama ni karo na njaa, The Boy Who Harnessed the Wind ya William Kamkwamba wa Malawi, ya 2009, aliyoandika pamoja na Bryan Mealer. Njaa ya 2001 na 2002 ilimtoa shule, akawa anaenda kwa kalaibrari kadogo ka shule ya msingi, akakuta kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati, na kwa sababu Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga akaanza na picha. Akajenga kinu cha upepo na fremu ya baiskeli na feni ya trekta kuukuu. Lakini kurasa za njaa zenyewe hazina utani, zisome mchana.

Cha Immaculée Ilibagiza, Left to Tell, naweka onyo. Ni siku 91 za mauaji ya kimbari ya Rwanda, mwaka 1994, ndani ya choo kadogo nyumbani kwa mchungaji, wanawake wamebanana, nje wanawindwa. Humo ndani alijifunza Kiingereza kwa kamusi, ndio, humo. Ni kitabu kikubwa, lakini kama umefiwa juzi, ama fujo za uchaguzi za 2007 na 2008 zilikupata Rift Valley ama hapa Mathare na bado ukiskia kelele usiku unashtuka, kiache kwanza, hakiendi popote.

Na sio lazima kitoke kwa Kiingereza. Kama mama yako ama shosho anapenda Kiswahili, mtafutie Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Msichana wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akichuuza vyungu, akaja mjini akawa mwimbaji wa taarabu, 1928 akavuka mpaka Bombay kurekodi, na watu wakamtungia wimbo ati kama si sauti angekula nini. Naye akawajibu kwa wimbo. Wamama wa huku wakifika hapo hucheka kwa sauti, wanajua watu kama hao kwa chama.

Pesa za kununua hakuna? Maktaba ya McMillan pale Banda Street, jirani na msikiti wa Jamia, ile yenye simba wa mawe mlangoni, ilifunguliwa 1931 na enzi hizo Mwafrika hakuwa anaingia, sasa ingia. Ukiwa Eastlands kuna matawi yake Kaloleni na Makadara. Maktaba ya taifa iko juu ya mji, upande wa Community. Ukinunua barabarani, bei ni mdomo wako, ila chungulia kama ni fotokopi: maandishi yamefifia upande mmoja, gundi ya mgongoni inatoka ukikunja, namba za kurasa zinaruka. Kukosa kurasa za mwisho za kitabu cha mtu aliyefungwa ni uchungu mwingine kabisa.

Kusoma wenyewe, usijipangie chapta. Akili yenye stresi inasoma sentensi moja mara tatu na hiyo ni kawaida. Kurasa tatu kwa jamu ya Jogoo Road zinatosha, na simu ikiwa mfukoni ni bora. Kitabu kinene kama Long Walk to Freedom cha Mandela, anza pale wanapofika Robben Island, utoto wa Qunu utarudia ukipata nguvu. Na kama fikira zimefika pahali pa kujidhuru, weka kitabu chini kabisa upige 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, uongee na mtu. Hali kadhalika deni la nyumba: kitabu kitakupa pumzi ya kumkabili landilodi, lakini lazima ushuke ngazi uende uongee naye mwenyewe.

Mwisho, ukitaka kumpa rafiki aliye kwa shida. Usiende nacho kwa matanga. Wiki za kwanza beba unga, sukari na majani, osha vyombo, kaa. Kitabu peleka watu wakishapungua kwa hiyo nyumba, na usiandike ndani "utashinda" wala usiseme kitamsaidia, mwambie tu, "mimi nilipenda pale kwa koti," atafute hilo koti mwenyewe. Halafu usimuulize kila wiki amefika wapi.