Bibi anasahau sana siku hizi, utajuaje kama ni uzee tu au ni dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na akili

Mzee kusahau miwani kaiweka wapi, au jina la mtu likampotea halafu baadae likamjia, hiyo isikupe presha. Cha kuangalia ni ile kazi aliyoifanya miaka yote, je, sasa inamshinda? Mama aliyezoea kuuza sokoni anachanganya chenji, babu anapotea njia ya msikitini anayoijua tangu ujana, bibi anatia chumvi mara tatu kwenye mboga moja, au anauliza swali lile lile na ukimjibu ni kama hujamjibu. Na mara nyingi mwenyewe atakwambia yuko sawa kabisa, kwa hiyo muulize dada wa kazi au jirani anayeshinda nae, maana sisi tunaopiga simu wikiendi tunasikia sauti nzuri tu tunaridhika.

Kabla ya yote jiulize imeanza lini na imeanzaje, hapa ndo watu wengi wanakosea. Dimensia inakuja taratibu, miezi hadi miaka. Mzee aliyekuwa mzima wiki iliyopita na leo anaongea vitu havieleweki, mara analala tu mara anahangaika, huyo mpeleke hospitali leo leo, inaweza kuwa UTI, malaria, nimonia, sukari imeshuka au mwili umekauka maji, na wazee wengi hata homa hawapandishi. Ikiwa upande mmoja umelegea au mdomo umepinda hicho ni kiharusi, usisubiri hata saa moja. Na kama alidondoka akagonga kichwa, hata kama ni wiki kadhaa zimepita, mwambie dokta, kwa sababu damu inaweza kujikusanya polepole ndani ya fuvu na hiyo inatibika.

Kama ni ya taratibu, chukua daftari uandike matukio na tarehe, sio "anasahau" basi, andika "aliacha jiko linawaka akatoka". Dawa zake zote weka kwenye mfuko uende nazo, zikiwemo za duka la dawa na za kienyeji. Piriton ya mafua na mzio, amitriptilini ya sonona na maumivu ya mishipa ya fahamu, na Valium ya kutuliza na usingizi zinaweza kumvuruga mzee akili, na metformini ya sukari ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, ambayo ikipungua nayo inaleta usahaulifu.

Hospitalini dokta anatakiwa akusikilize wewe pia, sio mgonjwa peke yake, na omba apimwe kumbukumbu. Asiyejua kusoma asikatishwe tamaa na vipimo vya kuchora na kuandika, kuna kipimo kifupi kilichoandaliwa na watafiti wilayani Hai, Kilimanjaro, mzee anataja wanyama kwa dakika moja, anakumbuka maneno aliyosomewa, anapanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Damu iangaliwe sukari, figo, tezi ya shingo, B12, VVU na kaswende. Masikio na macho yapimwe pia, maana asiyesikia vizuri anaonekana kama kasahau kumbe hakusikia. Na aliyefiwa akawa hali, halali, hataki mtu, huenda ni sonona, nayo ina matibabu yake. CT scan, yaani picha ya ubongo, mara nyingi mtatumwa hospitali ya rufaa.

Kitu kingine mseme wazi, kama anaona watu au watoto ambao hawapo na mwili umekuwa mgumu akitembea. Kuna aina ya dimensia iko hivyo na wagonjwa wake wanaweza kudhurika vibaya wakipewa haloperidol, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, kwa hiyo dokta ajue kabla hajaandika dawa.

Halafu jamani, bibi anayezunguka usiku na kuongea peke yake sio mchawi. Kule Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu ya moshi wa kuni, na huyu wa kwetu akizurura usiku yuko kwenye hatari hiyo hiyo. Majibu yakitoka waambie majirani na mjumbe kabisa kwamba ni mgonjwa, ana jina la ugonjwa na ana kliniki.

Dimensia nyingi haziponi, ila presha na sukari zikidhibitiwa inasaidia ubongo usizidi kuumia kwa viharusi vidogo vidogo. Endelea na lile daftari, na kliniki ijayo nenda nalo ili dokta alinganishe.