Kuzunguka Ulaya na Pasipoti Yetu

Saa nane usiku basi la kutoka Prague lilisimama, tumevuka tu mpaka wa Ujerumani. Polisi wawili wakapanda na tochi. Msichana wa Kiholanzi niliyeketi naye alitoa kitambulisho hata macho hajayafumbua sawasawa. Mimi nikatoa kadi yangu ya ukaazi kwa madaha, maana ndiyo kwanza imetoka. "Na pasipoti?" Pasipoti ilikuwa nyumbani Leipzig, Ujerumani, chini kabisa ya droo, nilikoificha isije ikaibiwa safarini. Nikashushwa. Karibu saa nzima nilikaa kibandani wakihakiki jina langu, na basi likinisubiri kwa hisani ya dereva. Niliporudi kitini hakuna aliyenisemesha.

Kosa lilikuwa langu. Nilifuata ushauri wa watu ambao pasipoti zao haziulizwi maswali: acha nyaraka muhimu nyumbani, tembea mwepesi. Kwetu sisi wenye pasipoti za nje ya Ulaya, kadi bila pasipoti ni nusu ya ruhusa. Viwili hivyo vitembee pamoja, kwenye kipochi cha kuvaa ndani ya nguo, na picha zake zibaki kwenye simu na kwa mtu unayemwamini. Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, haina mipaka kwenye karatasi tu. Barabarani Ujerumani imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na si peke yake.

Ujue pia kadi yako inafika wapi. Schengen sasa ina nchi 29, tangu Bulgaria na Romania zilipoingia kikamilifu Januari 2025. Uswisi na Norwe zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland ni mwanachama lakini haimo, na Uingereza iko nje ya vyote viwili. Kwa hiyo ile tiketi ya kwenda Dublin inayouzwa bei ya kutupa haikuhusu mpaka upate viza. Vivyo hivyo treni ya London: maofisa wa Uingereza wanakukagua Paris penyewe, stesheni ya Gare du Nord, kabla hujapanda.

Katika nchi nyingine za Schengen, mbali na ile iliyokupa kadi, una siku 90 ndani ya kila siku 180. Watu hudhani hesabu inaanza upya wakivuka mpaka au mwaka ukigeuka. Haianzi. Chukua siku uliyopo, hesabu nyuma siku 180, jumlisha zile ulizokuwa katika nchi hizo nyingine za Schengen. Kwa kuwa ndani kwa ndani hakuna anayegonga muhuri, tunza tiketi na risiti za hoteli. Na kadi hiyo ni ya kutembea, si ya kazi. Shemeji mwenye mgahawa Barcelona akikuomba "umshikie tu" wikendi mbili, mkatalie kwa upole.

Kadi ikikaribia kuisha, anza kuomba miadi miezi mitatu kabla, kisha usikate tiketi ya kokote. Ile karatasi ya muda wanayokupa wakati unasubiri inaeleweka kwa ofisi iliyoitoa. Mhudumu wa uwanja wa ndege wa nchi nyingine huenda hajawahi kuiona. Iulize ofisi kwa maandishi inakuruhusu safari zipi, ubebe jibu.

Mashirika kadhaa ya ndege ya bei nafuu hutaka abiria asiye raia wa Ulaya akaguliwe nyaraka kaunta, hata kama ana begi la mgongoni tu na ameshathibitisha safari kwenye simu. Fika saa mbili kabla, nenda kaunta moja kwa moja. Nimeona mama akirudishwa kutoka mlango wa kupandia ndege huku ndege anaiona kwa macho.

Afya nayo ina mtego wake. Kadi ya bima ya Ulaya, ambayo Ujerumani imechapishwa nyuma ya kadi ya kawaida ya bima ya umma, itakufaa Uhispania au Italia. Lakini kwa kawaida Denmark, Norwe, Iceland, Liechtenstein na Uswisi haziipokei kwa mtu mwenye uraia wa nje ya Ulaya. Ukienda huko nunua bima ya safari. Ni senti ukilinganisha na bili ya hospitali ya Uswisi. Namba ya dharura, 112, inafanya kazi kote.

Sasa ya wanawake. Ratiba ipangwe kwa jua, si kwa saa: Stockholm mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, hivyo kufika saa kumi na moja ni kufika usiku. Kwenye hosteli omba chumba cha wanawake. Na lipo jambo linalosemwa kwa kunong'ona: karibu na stesheni za miji fulani, mwanamke mweusi aliyesimama peke yake huulizwa bei. Limenitokea mara mbili, na mara ya kwanza nililia. Siku hizi sisubiri mtu nje. Nasubiri ndani, karibu na kaunta ya tiketi, na anayenifuata namjibu kwa Kiswahili cha sauti kubwa. Hubaki hajui pa kushika.

Nywele ndizo zitakazokugharimu usipojipanga. Paris, ukitoka tu metro ya Château d'Eau, vijana watakuvamia kila mmoja akikuvutia saluni yake. Usifuate mkono. Patana kwanza bei nzima: rasta zimo au hazimo, kuosha kumo au hakumo, na nani hasa atakusuka. Mimi siku hizi nasukia Brussels, mtaa wa Matongé pale Ixelles, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Kilingala kimetawala, lakini ukiingia na "habari za kazi, mama", mara nyingi kuna mtu wa Goma au Bukavu nyuma ya pazia atakayeitikia, na kiti kitapatikana.